Dawa ya Picha Jichoni mwa Loveth

Lituhi, 6 Juni 1994

Shikamoo Baba,

Tumsifu Yesu Kristo. Kifua kinasemaje na baridi ya Mbinga? Huku ziwani ni joto, na dagaa wa usipa wamejaa sokoni.

Wanafunzi wangu wanajua picha za rangi tu, zinazotoka kwenye mashine kule Songea. Nimeanza kuwafundisha uchapaji wa kale ulionifundisha studioni kwako: karatasi iliyolowekwa maji ya chumvi ikikauka inapakwa dawa ya madini ya fedha, inafunikwa kwa kioo pamoja na negativu ya picha au jani la mti, inaanikwa juani. Jani la muhogo lilipojitokeza kwenye karatasi, walipiga kelele hadi mkuu wa shule akaja mbio. Dawa imekwisha. Nitumie nyingine.

Mwanao, Ottilia

Mbinga, 14 Juni 1994

Marahaba mwanangu,

Milele amina. Kifua kinanisumbua alfajiri tu. Studio imepoa, watu wanafuata rangi.

Chupa anayo Urbani, dereva wa lori la samaki. Dawa hii ngozini huacha doa jeusi, nalo huisha. Jichoni hupofusha. Maji yawe karibu. Watoto wengi na chupa moja, naogopa.

Baba yako, Kilian

Lituhi, 29 Juni 1994

Shikamoo Baba,

Sijui nianzie wapi. Loveth, binti wa Mama Bonifasia muuza usipa, aliinama kuokota brashi. Mwenzake akageuka na kisahani cha dawa, ikamwingia Loveth jichoni. "Mwalimu, linaungua!" Nilimlaza chini nikammwagia maji, ndoo juu ya ndoo, wenzake wakikimbilia kisimani. Jicho limekuwa jeupe kama lina ukungu. Hospitali wamelifunga bandeji, daktari anasema tusubiri.

Mama yake hakunitukana. Aliniuliza tu, "Mwalimu, ataona?"

Silali. Mtu akipita mlangoni natoka kumuuliza habari za Loveth. Umewahi kuona jicho kama hilo likapona? Niambie ukweli.

Mwanao, Ottilia

Lituhi, 8 Julai 1994

Baba, shikamoo.

Urbani amerudi mikono mitupu, anasema studio imefungwa. Unaumwa? Au unalo jibu na unaogopa kuniandikia? Jumatatu wanafungua bandeji.

Ottilia

Mbinga, 9 Julai 1994

Mwanangu,

Siumwi. Nilikwenda Songea kumtafuta daktari wa macho, maana sikuwa na la kukuambia. Jicho la namna hiyo sijawahi kuliona, wala lililopona wala lililopofuka. Daktari anasema kama uliosha papo hapo, tumaini lipo. Zaidi ya hapo hakuniahidi. Nami sina usingizi.

Baba yako

Lituhi, 12 Julai 1994

Shikamoo Baba,

Walifungua jana. Loveth alipepesa macho, daktari akamfunika lile zima. Loveth akamtazama mama yake kwa jicho lililoumia. Kisha akasema, "Mama amekonda."

Mama Bonifasia alicheka, akalia.

Ukungu kidogo umebaki, ila anasoma. Chupa imefungiwa sandukuni, ufunguo anao mkuu wa shule. Wanafunzi wananiuliza tutaanza lini tena, na Loveth ndiye anayeuliza zaidi. Bado naogopa, Baba. Peke yangu siwezi. Funga studio, panda lori la Urbani, uje tuwafundishe pamoja, wewe na mimi.

Mwanao, Ottilia