Sauti ya Duarani

Mjukuu wangu Kulwa,

Sijawahi kumwambia mtu kwamba nilikuwa namwogopa babu yako. Ni kaka yangu. Baba yetu alinizaa uzeeni, kwa hiyo hata mimi wa kidato cha tatu ni babu yako, usicheke. Huku Segese hatujambo, na ng'ombe mwekundu amezaa.

Umeuliza kwa nini anameza vidonge viwili. Kila alasiri alikuwa akisimama kando ya duara, lile shimo lililoachwa na wachimbaji, bila kutikisika, kisha anatoa sauti: sss, sss. Nilidhani anaita nyoka.

"Mkojo umegoma, mdogo wangu," aliniambia. "Naubembeleza kama mama anavyomkojoza mtoto."

Hospitali walisema tezi dume imekua. Kidonge kimoja hulegeza njia ya mkojo na nafuu huja baada ya siku chache, ila akiinuka ghafla anaweza kupata kizunguzungu. Cha pili huipunguza tezi yenyewe polepole, kwa miezi.

"Hicho cha pili ni chaki tu," alisema siku moja, ameketi kwenye jiwe pale pale duarani. "Nakiacha."

"Kaka, kimoja kinafungua mlango. Kingine kinapunguza kinachouziba."

Alicheka, akainuka upesi, akayumba kuelekea shimoni. Nilimdaka mkono. Ndipo kutoka chini kabisa tukasikia: sss, sss. Naye alikuwa amefumba mdomo.

Nilimrudisha nyumbani, nikampa maji, akameza vyote viwili. Kisha nilikata matawi ya miiba, nikaziba njia ya duarani.

Babu yako mdogo,
Masanja