Majaribio ya kushuka Magara

Jumanne

Yule muuzaji wa malori ya umeme simwamini. Bosi anataka kubadilisha malori yetu yote, na majaribio yenyewe leo yalikuwa kushuka mteremko wa Magara na lori lake likiwa tupu. Mimi nilifuata nyuma na dizeli yangu. Tulipofika chini bosi akanionyesha chaji ya betri imeongezeka njiani kwa kufunga breki tu, anacheka kama mtoto.

Nikasema sasa hilo la umeme tulipakie mchele, lipande nao mlima kurudi Mbulu.

"Haina haja, kaka. Si mmeshaona?" muuzaji akajibu.

Bosi akaniambia naogopa gari jipya. Labda. Ule mlima naujua, lakini hiyo betri...

Muda wa kurudi Mbulu ulipofika, muuzaji aliliacha lori lake palepale chini, akafungua mlango wa dizeli yangu, akapanda.