Maji Chini ya Mkeka wa Mama

Mtaa wa Dallas,
Embu.
12 Mei 2025

Mpendwa kaka Thuranira,

Pokea salamu kutoka kwetu sote hapa Embu. Natumaini wewe na Kaari mko na afya, na kwamba joto la Doha halijaanza kuwaonea. Mgongo wako je, umepona? Sisi tunaendelea, ila mvua haijatupa nafasi ya kuanika hata soksi.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ningelia, nawe ungenikatiza. Misheck anarudi huko kazini Jumatano, nimemwomba akubebee barua hii. Tafadhali isome yote kabla ya kunipigia.

Mama hakuwa na homa ya kawaida kama nilivyokuambia mwezi uliopita. Ilikuwa nimonia. Alilazwa siku sita, mbili kati ya hizo akiwa kwenye oksijeni. Ametoka, yuko hapa nyumbani, lakini kifua bado kinapiga filimbi, na kila akikohoa mimi huacha ninachofanya.

Kosa ni langu. Unakumbuka tulikubaliana atoke kwenye baridi ya Timau aje akae nasi, na kwa sababu ya magoti yake tukamtengea chumba cha chini, kile kilichochimbwa kwenye mteremko, ambacho mtu huingia kutoka getini bila kupanda ngazi. Fundi Ngari alikikagua Januari. Alibandika kipande cha nailoni juu ya saruji, akafunga kingo zote kwa selotepu, akakiacha siku tatu. Tulipofunua, upande wa chini ulikuwa na matone kama kifuniko cha sufuria.

“Mama Gatakaa,” akaniambia, “maji yanapanda kwenye hii sakafu, na huo ukuta wa nyuma umeegemea udongo mtupu. Tuchimbe nyuma kwanza, tupake lami, tuweke kokoto na bomba la kutolea maji. Ukifunika sasa, unafungia maji ndani.”

Nilimsikia vizuri, kaka. Lakini kazi hiyo ilitaka mwezi mzima, na Mama alikuwa anakuja Jumamosi. Hata mume wangu Nyamu sikumwambia. Nikaita mtu mwingine, akatandika mkeka wa mbao, ule wa plastiki unaofanana na mbao, kwa alasiri moja tu. Ulikuwa unang'aa. Ndio ule niliokutumia picha, ukasema Mama ameingia hotelini.

Mvua zilipoanza, chumba kikashika harufu ya gunia lililolowa. Nikafungua dirisha, nikapulizia marashi. Mama alipoanza kukohoa nikajiambia ni mabadiliko ya hewa. Kisha siku moja, nikipiga deki kando ya kitanda, mkeka ukabonyea chini ya mguu wangu na maji yakaruka pale vipande vyake vilipoungana. Nikauinua. Chini kulikuwa kweusi kwa ukungu, hadi ukutani. Godoro nalo lilikuwa jeusi upande wa chini. Siku hiyo hiyo Mama alishindwa kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi, tukakimbia hospitali.

Sasa analala sebuleni. Nyamu alimpandisha mgongoni, viti tukavitoa barazani. Wageni hukaa huko na makoti yao. Mkeka tumeutupa. Ngari amerudi, na hakunilaumu hata kwa neno moja, jambo lililoniuma zaidi. Amechimba nyuma ya ukuta hadi kwenye msingi, na bomba linatoa maji mchana kutwa. Nailoni ameibandika tena: jana matone yalikuwa machache, lakini yapo. Anasema hata yakiisha tungoje mvua zipite, kisha tuchague vigae au saruji iliyolainishwa tu, kitu ambacho maji hayataozesha. Kwa hivyo lile zulia nene ulilomnunulia, tafadhali usilitume. Najua ulitaka miguu yake ipate joto.

Mama mwenyewe nilimwambia ukweli Ijumaa iliyopita, nikimpaka mafuta mgongoni. Nilitarajia anikaripie.

“Nilijua,” akasema. “Wiki ya kwanza ya mvua niliweka mkono ukutani, ukatoka umelowa. Nguo zangu za kanisani ziliota ukungu kwenye sanduku, nikawa nazipangusa wewe ukiwa kazini.”

“Kwa nini hukuniambia, Mama?”

“Ulikuwa umefurahi sana na hicho chumba.”

Tangu hapo sijatulia. Daktari atamwona tena Ijumaa hii, na naogopa kitakachoonekana kwenye picha ya kifua. Chumba kikikauka, naogopa kumrudisha; na asiporudi, sijui ngazi zetu atazishuka vipi. Nishauri, hata kama una hasira nami.

Na ukimpigia, usimuulize kama yuko sawa. Atakuambia yuko sawa. Muulize leo ametembea hadi wapi, na amesimama mara ngapi kupumzika. Kisha nyamaza kidogo, umsikilize anavyovuta pumzi.

Msalimie sana Kaari. Nyamu na Gatakaa wanawakumbuka, na Mama pia, ingawa hajui nimekuandikia haya. Mungu awafunike huko mliko, atukutanishe Desemba, Mama akiwa ameketi katikati yetu.

Dada yako akupendaye,
Nkirote