Bibi wa Jiwe la Kusagia

Kalemie, Jumapili, 17 Agosti 1975

Kwa dada yangu mpendwa Dorothée,

Nakuita kwa jina la ubatizo, hata kama biro za serikali zimelikataza. Siku ulipobatizwa ni mimi niliyekubeba, wao hawakuwepo. Mgongo wako waendeleaje? Mihogo imekauka? Mimi ni mzima, isipokuwa meno, na hayo yananiaga moja moja.

Jana alasiri nilikwenda ukumbi wa parokia. Wameleta sinema ile kubwa ya vita na farasi, ile ile tuliyoiona kule mgodini mwaka 1948, wewe ukiwa na miaka tisa na mimi nikiwa mkalimani. Bila shaka unaikumbuka: mfalme analitaka bonde, askari wanashuka mlimani kama nzige, na bibi kizee mmoja amekalia jiwe lake la kusagia, hasogei. Zamani nilisimama kando ya pazia, nikiwatazama watu. Jana nilikaa mbele yake kwa mara ya kwanza. Dorothée, sikujua kama ni kubwa hivyo! Vumbi la farasi lilinikohoza.

Siku hizi mkalimani ni mwalimu Bonaventure. Filamu inasema Kifaransa, naye anafuata kwa Kiswahili katika kipaza sauti, kama tulivyofanya sisi. Watu walijaa, hasa wavuvi wa ufukweni ambao biro ya mtaa inataka kuwahamisha mwezi ujao. Jirani yangu Mama Célestine, muuza samaki wadogo wa ndagala, aliwatukana farasi wa mfalme kwamba wamenona kuliko mumewe.

Kisha bibi akafungua kinywa. Kwa Kifaransa alisema wamuue pale pale, kwani anayeacha kaburi la baba yake anamzika mara ya pili. Bonaventure akatuambia kwamba bibi anamshukuru mfalme na ataondoka kwa furaha.

Nilisimama. Wa nyuma wakapiga kelele kwamba Papa Onésime aketi, kichwa chake kinafunika jeshi zima. Sikuketi. Niliyasema maneno ya bibi yote, kwa sauti yangu ya zamani. Mama Célestine akaniambia niyarudie, wengine hawakusikia. Nikayarudia.

Baadaye Bonaventure alinijia, akasema aliagizwa na biro, na kwamba ana watoto. Nilimjibu kwamba najua. Leo asubuhi biro imenitumia mtu: Jumapili ijayo, sinema itakaporudiwa, nisimame mbele ya wote niseme kwamba uzee umenipotezea Kifaransa. Nitasimama, ndiyo. Nitayasema maneno ya bibi mara ya tatu, kisha wanipeleke watakako.

Sasa sikia nililolificha miaka ishirini na saba. Uwongo wa Bonaventure ni ule ule niliousema mimi. Mkubwa mmoja wa mgodi aliniahidi baiskeli, nikausema, na Papa, baba yetu, alikuwa ameketi safu ya kwanza. Alirudi kijijini akawaambia wazee kwamba hata watu wa kale waliondoka kwa furaha, na wiki ile akaweka kidole gumba kwenye karatasi ya mgodi ya kukubali kuhama. Ndipo mkahamishiwa kwenye changarawe. Jiwe la kusagia la Mama lilibaki kule. Sikuja huku kwa ajili ya kazi ya bandari, kama nilivyowaambia. Nilishindwa kumtazama Mama akitwanga kwa kinu cha kuazima.

Wasalimie wazee waliobaki. Waite wote, uwasomee barua hii. Utakapoigeuza kwa Kiluba, usiruke mstari hata mmoja, wala usinihurumie.

Mimi kaka yako,
Onésime, mkalimani