Zakia na Chupa ya Mchanga

Jumatatu, 14 Julai 2025

Mwalimu Theopista kaniita shuleni. Nikajua ni kelele tena — Zakia akisikia kengele anaziba masikio na kupiga mayowe, darasa zima linacheka. Kumbe siyo. Anasema mwanangu hana rafiki hata mmoja. Mapumziko yote yuko nyuma ya vyoo, anapanga vijiwe. Akaniambia, Mama Zakia, mfundishe mchezo mmoja tu aujue vizuri, wenzake watamwita wenyewe.

Nikasema sawa, mwalimu. Njia nzima kurudi sokoni Kashaulili nililia kama mjinga. Daktari alishasema usonji, nikameza. Hili la kukosa rafiki limegoma kushuka.

Jumamosi, 19 Julai

Kibanda sijafungua. Vitenge havitaoza.

Nimemwita Minza, binti wa majirani zetu Wasukuma, anasoma darasa moja na Zakia. Tumecheza rede hapa uani — mimi na mwili wangu huu! Minza upande ule, mimi upande huu, tunarushiana mpira wa soksi. Zakia kati, anajaza mchanga kwenye chupa. Mpira ukimgusa anatoka. Chupa ikijaa kashinda.

Mwanzo alikaa kitako, anajaza kwa raha zake, anapigwa wala habari hana. Nikamwambia, kwepa mwanangu, na chupa usiiache mpaka ijae. Nimerudia mpaka sauti imekauka. Jioni alikuwa anakwepa. Na anacheka — Zakia, anacheka! Minza kaondoka na maandazi mfuko mzima.

Jumatano, 23 Julai

Wamemchezesha! Karudi na vumbi mpaka kwenye kope. Umecheza na nani? Na wote. Walikutoa? Akasema yeye hatoki, wenzake ndio wanatoka.

Baba yake hata hajazima bajaji, nishampa habari. Akasema kumbe humu ndani tuna mchezaji. Nimepika wali na nyama, katikati ya wiki.

Ijumaa, 25 Julai

Nilikuwa namwogesha. Mgongo una alama nyekundu, paja limevimba. Nani kakupiga? Akasema hajapigwa, ni rede.

Nikaenda kwa akina Minza na kanga ya kuogeshea bado imelowa. Mama yake kanivutia kigoda, sikukaa. Nikamuuliza Minza, mwanangu kafanywa nini? Akasema: mpira wanatia mawe. Zakia akiguswa wanamwambia wewe hutoki, mpaka ijae. Na chupa wameitoboa chini. Anajaza, anajaza, wanacheka mpaka kengele.

Na wewe unarusha? Akasema nisiporusha, mama, na mimi wananiweka kati.

Mkono uliniwasha. Sikumgusa. Na yeye ni mtoto tu, anaogopa.

Usiiache mpaka ijae — maneno yangu hayo. Wao wametoboa chupa, lakini aliyemfunga pale kati ni mimi. Nina hasira na kila mtu leo.

Jumapili, 27 Julai

Baba yake anataka tumhamishe shule. Nimempigia Mwalimu Theopista, kaahidi kesho mstarini atapiga rede marufuku na watoto watachapwa. Haya. Halafu? Watajua ni kwa ajili ya nani. Zakia atarudi nyuma ya vyoo na vijiwe vyake.

Jioni hii nimemkalisha. Nimemweleza taratibu kwamba wale wenzake wanamwonea, ule siyo mchezo. Alisikiliza huku anaangalia ukuta. Nikadhani imeingia. Akasema:

— Wananiita, mama. Wanasema Zakia njoo.

Miaka yote hii nimeomba Mungu nisikie neno hilo.

Akaenda ndani, akarudi na soksi ya baba yake na chupa tupu ya maji. Akaniwekea mapajani. Anasema chupa ya wenzake inavuja, hawajaona. Na mpira umechanika. Kawaahidi mama yake atashona mwingine.

Nimetoa sufi kwenye mto wangu, nimejaza soksi. Laini, haiwezi kuumiza mtu. Lakini mawe hayakosekani pale shuleni. Nimeshona nusu, nikafumua. Nimeshona tena.

Baba yake kasimama mlangoni anauliza, kesho anaenda au haendi? Zakia keshavaa viatu vya shule, usiku huu huu. Ameshika chupa, ananisubiri nimalize.