Vijiko Vinane, Si Vinne

Kayole, Nairobi
Jumatano

Ndugu yangu Barasa,

Kabla ya salamu: kama msumeno wa marehemu baba unanguruma saa hii, tuma mtu mbio akauzime. Kisha keti usome.

Hamjambo wote? Goti la mama limepoa? Huku tu wazima kwa neema ya Mungu, ila mimi tangu jana sina raha.

Barua yako ilifika jana. Fred alipotoka kazini nikampa aisome kwa sauti, maana nilitaka asikie mwenyewe mjomba wake anavyomsifu. Unajua mwanangu sasa ni fundi kamili huko Industrial Area. Mashine za kukata nyasi za watu wa Donholm, jenereta, misumeno ya petroli, zote zapita mikononi mwake. Hata mkubwa wake akishindwa huita, "Fred, hebu njoo uisikilize hii." Sijaambiwa na mtu, nauza githeri ya mahindi na maharagwe pale langoni kwao, nasikia kwa masikio yangu.

Basi akasoma vizuri mpaka ulipoandika, "Mwambie mpwa wangu tumefuata maagizo yake, vijiko vinne vya oili kwa lita moja ya petroli. Jumatatu tunaanza kupasua mbao za paa la kanisa." Akaweka kikombe chini.

"Mathe, maagizo gani?"

"Si yale ya kuchanganya mafuta ya msumeno wa babu yako."

"Nilikupa lini?"

Barasa, hakunipa. Ulipoandika kuuliza, niliona nikuletee jibu haraka. Siku iliyofuata nikamsikia Fred akimweleza mteja: vijiko vinne, vile vya plastiki vya kumpimia mtoto dawa, kwa lita moja. Nikasema moyoni, kumbe ni hilo tu! Nikakuandikia, "Fred anasema." Sikumwuliza. Nilitaka muone huko kwamba nimezaa mtu anayejua.

Kumbe mteja yule alikuwa na msumeno mpya, bado unanukia duka. Fred alishika kichwa. "Mathe, umenichoma! Hiyo ni ya mashine za siku hizi. Ule wa babu ni mzee, unataka oili mara mbili. Ukiunyima, pistoni inakauka inakwama humo ndani, na spea zake utatoa wapi? Kwa yule mzungu aliyemuuzia babu?" Mtoto mwenye adabu yule, hajawahi kunipandishia sauti. Nikainama nikachambua maharagwe ambayo nilikuwa nimekwisha kuyachambua.

Na sijui ni Jumatatu gani uliyosema, iliyopita au ijayo. Hukuandika tarehe. Leo asubuhi nimepanga foleni posta nipige simu dukani kwenu. Ikalia, mtu akasema haloo, ikakatika. Mara ya pili haikulia kabisa. Ndiyo maana barua hii inakuja na jirani yangu, Mama Nekesa, anayesafiri kesho. Ameapa hatakunywa chai kwa mtu kabla hajaitia mkononi mwako.

Sasa sikiliza. Fred amekaa hapa kando, kila neno analiangalia. Mafuta yaliyo kwenye tangi yamimine nje. Chukua lita moja ya petroli safi, si ile iliyolala tangu mvua iliyopita. Tia vijiko vinane. Oili iwe ile ya kuchanganya na petroli. Si ya trekta, na ile nyeusi iliyokwisha kutumika isikaribie kabisa. Tikisa mtungi kila unapotaka kumimina. Wala usiseme kama vinane ni vizuri basi kumi na sita ni bora, nakujua wewe. Msumeno utafuka moshi kama kuni mbichi na plagi itaziba.

Kama mlikwisha kuanza kazi, ngojeni upoe, kisha vuta kamba polepole. Ikija kama ilivyozoea, mshukuru Mungu. Ikigoma, msilazimishe, na wale vijana wa kwaya wasipokezane kuonyeshana misuli. Utie kwenye gunia, utume kwa basi, Fred aufungue mwenyewe.

Ndugu yangu, kinachoninyima raha zaidi ni pale ulipoandika kwamba wazee walikuambia usome barua yangu mbele ya kanisa, na watu wakampigia Fred makofi. Anataka kurudi huko mwakani afungue karakana. Fundi akiharibiwa jina kabla hajashuka kwenye basi, nani atamletea mashine? Kwa hiyo Jumapili simama palepale uisome na hii, yote, usiruke kitu. Useme ni Mama Fred aliyekosea, si Fred. Kama msumeno umekufa, waseme dada yake Barasa ana mdomo mrefu. Nitaubeba mdomo wangu. Yeye asiguswe.

Msalimie mama, mwambie blanketi lake nimeshalipata. Msalimie wifi yangu mwenye mikono ya baraka, mchungaji wetu, na yule mwalimu aliyemfundisha Fred hesabu.

Fred amesoma barua hii yote, anasema vipimo viko sawa. Safari hii nimemwuliza.

Ni mimi dada yako mkubwa,
Mama Fred