Picha ya Swara

Coon Rapids, Minnesota
9 Septemba 2024

Mdogo wangu Nahashon,

Pokea salamu za kaka yako. Mimi ni mzima kama chuma, mgongo tu ndio unanisumbua asubuhi. Binti yangu Mumbi naye mzima, bado ni nesi wa shifti ya usiku pale hospitalini, mchana analala. Na wewe je, ile miguu imepungua kuvimba? Na mama watoto?

Uliniambia umechoka kusimamisha watu mbele ya kitambaa kilichochorwa maporomoko, ukasema unataka kuona ya kweli kabla hujafunga studio. Basi nimekuletea. Ndani ya bahasha ziko picha kumi na moja, nimezipiga na ile kamera uliyonipa nikiondoka. Jumanne nilichukua gari la Mumbi akiwa amelala, nikaenda hadi Ziwa Superior, saa mbili na nusu kwenda, na kurudi vilevile, akaamka akanikuta kwenye kiti changu. Maji hayana mwisho, miamba, misonobari, na mto unaanguka kama maziwa yanamwagwa. Mimi niliyeendesha lori Mombasa hadi Kampala miaka thelathini na nane bila kugusa hata mbuzi, barabara zao hizi ni kama kulala kitandani. Wazungu wanaendesha kama wako kwenye msafara wa harusi.

Nilikwenda na Niyibizi, mzee Mnyarwanda wa nyumba ya chini. Yeye hawezi kuendesha hata toroli, lakini kuongea anapenda. Njia nzima ananisomea: "Nyekundu, mzee. Kijani, mzee. Huyo mbele amesimama." Namwacha aseme, asijione mzigo.

Mumbi asijue. Yeye alinipa ufunguo wa kwenda kanisani na dukani tu.

Ile ya maporomoko iweke dirishani, wapita njia waone ndugu yako amefika wapi.

Ni mimi kaka yako mkubwa,
Francis


Nakuru
2 Oktoba 2024

Kaka,

Nakusalimu kwa heshima, na mama watoto anakusalimu. Hapa tu wazima, mvua zimekawia kidogo. Miguu inavimba na kushuka, nimeizoea.

Bahasha yako nililetewa na yule mchungaji aliyekuja likizo. Nimezitazama picha moja moja. Sikuweka hata moja dirishani. Niruhusu niseme, na ukikasirika, kasirika.

Ile uliyoandika nyuma "Maporomoko" ni ukuta wa choo cha wasafiri na pipa la takataka. Ile ya "Ziwa" ni mlango wa gari na kiwiko cha mtu, nafikiri ni cha Niyibizi. Katika kumi na moja, mbili ndizo zina maji, na hizo najua ni yeye aliyekushika bega akakuelekeza. Nimefanya kazi hii miaka arobaini. Asiyejua kamera hukata watu vichwa, au huweka kidole mbele. Makosa yako ni ya namna nyingine. Ulikuwa unapiga picha ya kitu ambacho hukioni.

Unamkumbuka mama. Mwaka mzima alitumiminia chai akiwa ametumbukiza kidole kikombeni apime imefika wapi, na ukimuuliza anasema macho yake yanaona hadi Naivasha. Daktari alituambia ugonjwa ule ni wa ukoo, tujichunge. Wewe ulicheka.

Sasa naelewa kwa nini mzee wa watu anakusomea taa za barabarani. Kaka, mrudishie Mumbi ufunguo, umwambie akupeleke kwa daktari wa macho. Utaua mtu. Mimi picha sizitaki tena, kitambaa changu kinanitosha.

Ndugu yako mdogo,
Nahashon


Coon Rapids
24 Oktoba 2024

Mdogo wangu,

Salamu zako zimefika, na matusi yako yamefika. Mimi ni mzima. Natumaini na nyinyi ni wazima, ingawa mtu anayemwandikia mkubwa wake vile sijui uzima wake ni wa wapi.

Nani alikubeba mgongoni kukuvusha mto ukienda shule? Mimi. Nani alileta lori Malaba likiwa na breki upande mmoja? Mimi. Kuna dereva gani Nakuru nzima asiyelijua jina langu? Sasa wewe, uliyekaa kwenye chumba cha giza maisha yako yote, unanipima macho kwa barua.

Niyibizi amehama, amekwenda Iowa kwa binti yake Rachelle. Nikasema vizuri, sasa nitamwonyesha Nahashon. Alhamisi ya wiki jana nikatoka peke yangu, Mumbi bado amelala. Mwezi huu majani ya miti huku yanageuka, mengine mekundu, mengine manjano, kama moto usiounguza. Nikafuata barabara ndogo kando ya mto Rum. Ilikuwa kama saa kumi na moja jioni, jua liko usoni. Swara akatoka pembeni akanigonga. Mimi sikumgonga, yeye ndiye alinigonga. Huku ni jambo la kila msimu, mwenye gari ambaye hajagonga swara haitwi dereva. Bampa ikabonyea, taa moja ikafa.

Nikashuka nikampiga picha hapo majanini alipoangukia. Nilikuwa mbali naye hatua kama kumi. Sikusogea, mnyama aliyeumia hupiga teke. Mumbi nilimwambia swara alinigonga hapo nyuma ya duka tu. Akasema, "Thank God uko sawa, Baba, gari si kitu," akalipeleka likanyooshwa.

Yeye amechoka sana siku hizi. Ana mgonjwa anamuuguza, mama wa umri wetu, aligongwa na gari likaenda zake, akalala majanini hadi asubuhi alipoonwa na mtu anayetembeza mbwa. Hajaamka mpaka leo. Mumbi anasema aliyefanya vile hana utu.

Picha ni moja tu. Itazame vizuri na ile lenzi yako kubwa, uniambie ni dume au jike. Tunabishana na wazee wa kanisani. Jibu upesi, usingoje mtu wa kubeba.

Kaka yako mkubwa,
Francis


Nakuru
9 Novemba 2024

Kaka,

Salamu za leo ni fupi. Naomba barua hii ikukute mzima.

Bahasha imefika jana. Nimeitazama ile picha kwa lenzi, nikatoka nje nikakaa, nikarudi nikaitazama tena. Nimekupigia simu mara sita, hushiki.

Hakuna swara, kaka. Kuna koti la kahawia. Kuna gurudumu la baiskeli, nusu yake iko ndani ya majani, spoki zinaonekana moja moja. Kuna soksi nyeupe. Halafu kuna mkono. Umeinuliwa, vidole vimefunguka, umeelekea kwenye kamera. Maiti hainyanyui mkono hivyo.

Na habari za mgonjwa wa Mumbi ni wewe mwenyewe uliyeniandikia, kwenye karatasi hiyohiyo.

Mimi ndiye niliyekuomba picha za safari. Hilo nitakufa nalo. Lakini hii sitaificha. Namba ya Mumbi ninayo na sijaipiga. Barua hii naituma kwa watu wa haraka, wameniahidi siku nne. Ijumaa tarehe 15 nitampigia. Ninakuachia nafasi asikie kutoka kinywani mwako.

Ndugu yako,
Nahashon


Coon Rapids
14 Novemba 2024

Nahashon,

Mimi ni mzima. Naandika hivyo kwa kuwa ndivyo tunavyoanza.

Barua yako ilifika jana. Imenichukua tangu jana hiyo kuimaliza, maana ulichosema juu ya macho ni kweli. Naona neno, lile linalofuata limekwenda. Barabarani ni hivyohivyo. Tangu mwaka juzi.

Yule mama alikufa Jumamosi, tarehe mbili. Aliitwa Alice, alikuwa mwalimu, wamemtaja kwenye televisheni, wakataja na barabara. Mumbi alirudi kutoka kazini, hakula, akakaa jikoni analia. Nikampikia chai. Akanishika mkono akasema, "Asante, Baba." Nikammiminia kikombe kingine.

Hakuna wazee waliobishana. Sikutaka kujua dume au jike. Nilitaka mwenye macho aniambie nilichogonga, na hapa sikuwa na wa kumuuliza. Nilitumaini utaandika jike, na kejeli zako juu yake, nami nikutukane, yaishe.

Wewe umeuona mkono. Mimi sikuuona, Mungu anajua. Lakini wewe hukuwepo, na masikio yangu ni mazima. Niliposhuka nilisikia. Nikajiambia swara akiumia hulia karibu kama mtu. Sauti ilikuja mara tatu, taratibu, neno lilelile. Kiingereza changu unakijua kilivyo, lakini neno hilo ninalijua. Ndilo la kwanza Mumbi kunifundisha nilipofika, kwamba nikianguka yeye akiwa kazini, nijivute hadi mlangoni nilitamke kwa nguvu, na yeyote atakayesikia atakuja. Tulilirudia hadi nikalishika.

Nikapiga picha, nikarudi kwenye gari.

Kesho ukimpigia utamkuta ameshajua. Nimeweka ufunguo mezani, na barua yako kando yake. Ile picha itunze, polisi wataitaka, itume kwa wale watu wa haraka, usimpe msafiri abebe. Mwambie mama watoto ukweli, usinipunguzie.

Nimemwacha Mumbi alale mpaka mwisho wa usingizi wake. Nimekaa hapa jikoni tangu saa nne. Sasa nasikia mlango wa chumba chake. Anauliza kama nimekula.

Kaka yako